Mfiwa Hapandishiwi

Bi. Kihwelo alitusimamisha mlangoni akatukagua kuanzia kichwani. Aliniambia nivue kitambaa cheusi, nikavua. Akaniambia nifute macho, nikafuta. Urio, rafiki wa mume wangu, alikuwa na utepe mweusi kifuani, akaubandua mwenyewe kabla hajaambiwa, akaukunja na kuutia mfukoni.

"Mambo matatu," Bi. Kihwelo akasema. "Msitaje msiba. Msitaje tarehe. Na msimwite marehemu, hata kwa kuteleza ulimi. Yeye anajua kwamba jana alifanyiwa upasuaji wa moyo, kwamba mwili bado una ganzi, na kwamba anawaona kupitia mashine kwa sababu macho yake yamefungwa bandeji. Hayo tu. Kaeni naye kama mlivyokaa siku zote."

"Na akijua zaidi ya hayo?" Urio akauliza.

"Tunamzima leo hii hii. Ndiyo sheria."

Mimi ni mpima ardhi mstaafu. Kwa miaka thelathini na miwili nimesimama kwenye mipaka ya watu nikiwaambia jiwe liko hapa, si pale, na nimetukanwa kwa lugha zote za mkoa huu. Sijawahi kuogopa ofisi ya serikali. Lakini asubuhi ile, ghorofa ya tatu ya Ofisi ya Vivuli hapa Moshi, niliingia nimeshika ukuta.

Mume wangu, Elirehema, alivaa kinasa nyuma ya sikio kwa miaka kumi na miwili, kama wagonjwa wote wa moyo wa rika letu. Tuliambiwa kinahesabu mapigo. Kumbe kilikuwa kinahifadhi na mengine: anachosema, anachotaka kusema akanyamaza, anavyosita kabla ya kuchagua. Mtu akifa, wanaweza kuyakusanya yote hayo na kuyaamsha. Wanakiita kivuli. Kikifaulu mtihani, familia inakwenda nacho nyumbani kwa miaka saba. Kila kikilala, kinaamka asubuhi ile ile ya baada ya upasuaji, kikiwa hakina kumbukumbu ya siku iliyopita. Kwa hiyo hakizeeki, hakichoki, na hakiombolezi.

Kisichofaulu kinazimwa. Na hakifaulu kwa njia mbili tu: kikiwa si yeye, au kikijua kwamba amekufa. Hiyo ya pili waliiweka baada ya kisa cha Iringa, ambako kivuli cha kwanza kilichojua kililia siku kumi na nane mfululizo, kwa maana hakina mapafu ya kuchoka. Nilimpigia simu binti yetu Nakijwa kumwambia nimeomba kivuli cha baba yake. Akasema, "Mama, msiba mmoja unatosha." Nilimkatia simu. Nilimtaka mume wangu, basi.

Kwa mtihani, ofisi inataka kitu ambacho mtu alikifanya mara nyingi maishani, chenye kuchagua bila kuona yote. Wengine huleta bao. Wengine huleta kesi za ukoo. Sisi tulileta poka, kwa sababu kila Jumamosi kwa miaka ishirini mimi, Elirehema na Urio tulikaa meza moja tukichezea visoda vya chupa.

*

Chumba kilikuwa na meza ya duara na dirisha lililozibwa kwa karatasi nyeupe. Mbele ya kiti kitupu palikuwa na sinia la bati lenye jicho moja la kioo na vidole viwili vyembamba vya kushikia karata.

"Mama Nakijwa," sinia likasema.

Nilishtuka nusura nikose kiti. Haikuwa sauti inayofanana na yake. Ilikuwa yake hasa, pamoja na kile kikohozi kidogo cha kabla ya uchokozi. Mtu huyu nilimtupia udongo siku thelathini na moja zilizopita, nikasikia unavyogonga ubao.

"Hilo gauni la njano si ulisema limekubana?"

"Limelegea," nikasema, na ilikuwa kweli.

Urio akakohoa. "Pole kwa operesheni, kaka. Habari za kuamka?"

Jicho la kioo likamgeukia Urio, likakaa hapo kitambo. "Nzuri," Elirehema akasema. "Nzuri kabisa. Ahsante."

Nilipaswa kuliona hapo hapo, sikuliona. Urio ni Mchaga na mume wangu ni Mpare, na watani hawa wawili hawakuwahi kuamkiana tangu nilipowajua. Salamu yao ilikuwa matusi. Urio akiingia mlangoni alikuwa anaanza na ubahili wa Wapare kabla hajavua viatu, na Elirehema anamjibu kwa kuuliza leo ameiba nini. Siku hiyo, kwa kuogopa kuteleza ulimi, Urio aliufunga wote. Akawa na adabu.

Bi. Kihwelo akagawa. Karata zilikuwa zimepangwa na ofisi; tulichoambiwa ni kwamba kivuli kitapewa nguvu mkononi, na kitatazamwa kitaifanyia nini. Baada ya kila mzunguko mimi, kama shahidi, ningesema kama ni yeye au si yeye.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mtu hupewa karata mbili za siri. Kabla ya tatu za mezani kufunuliwa, unaweza kutupa zako, kufuata dau la mwenzako, au kulipandisha. Mmoja akipandisha, mwingine anaweza kupandisha juu yake. Hapo ndipo ndoa yetu ilipogombana kwa miaka yote. Mimi nikipata ree mbili, ambazo hakuna karata za kuzizidi, na mtu mwingine akapandisha, nilikuwa nafuata tu kwa upole, nikimwacha ajione mjanja. Elirehema alikuwa haelewi kabisa tabia hiyo.

"Ukiwa na nguvu, sema mapema," alikuwa akiniambia. "Pandisha juu yake, wapungue mezani. Ree mbili mbele ya mtu mmoja zinashinda mara themanini na tano katika mia. Mbele ya watu watatu ni sitini na nne. Kwa nini unawakaribisha watu waje kubahatisha kwenye mali yako?"

"Nikipandisha watakimbia," nilikuwa namjibu, "nami nitabaki na ree zangu na visoda vitatu."

Hakuna aliyewahi kumshawishi mwenzake. Nilichomwandikia Bi. Kihwelo kwenye fomu ni hiki: mume wangu akiwa na jozi kubwa, na mtu akipandisha mbele yake, atapandisha juu yake bila kusita. Siku zote.

Mzunguko wa kwanza, Urio alisukuma visoda vitano. Vidole vya bati vikasukuma ishirini hata kabla Urio hajarudisha mkono.

"Natupa," Urio akasema.

Bi. Kihwelo akafunua karata za Elirehema. Kingi mbili. Akanitazama, nikaitikia kwa kichwa, akaandika. Nilijisikia kupanda joto mwilini kwa furaha. Alikuwa yeye! Nilianza kufikiria nitaliweka wapi sinia lile, jikoni au barazani, na nani atalifuta vumbi.

Mzunguko wa pili nilipata malkia mbili. Nikasukuma visoda sita. Sasa ilikuwa zamu yake.

Vidole vikainua karata. Jicho likazitazama, kisha likanitazama mimi. Likanitazama muda mrefu, kwanza uso, halafu shingo, halafu gauni lile la njano. Kisha vidole vikahesabu visoda sita, kimoja kimoja, vikavisogeza katikati.

"Nafuata," Elirehema akasema.

Urio akatupa. Tatu za mezani zikafunuliwa: jeki, saba, nne. Nikaweka dau, akafuata. Karata ya nne ikaja, nikaweka, akafuata. Ya tano, vivyo hivyo. Hakupandisha hata mara moja. Nilikwishajisemea kwamba ana jozi ndogo, labda ya tisa.

Bi. Kihwelo akafunua karata zake. Ree ya kopa. Ree ya pau.

Nilimtazama Urio, na Urio alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, mdomo wazi, rangi imemtoka. Bi. Kihwelo alisoma fomu yangu, akatazama karata, akasoma tena.

"Naomba maji," nikasema, nikatoka nje. Urio akanifuata.

*

Kwenye ujia palikuwa na benchi. Hatukukaa.

"Umeona?" Urio akasema. "Shemeji, umeona?"

Niliona. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo halimo kwenye fomu yoyote.

Miaka kumi na minne iliyopita Urio alifiwa na mkewe, Anansia. Siku ya tisa alikuja kwetu kwa mguu, bila kualikwa, kwa sababu nyumba yake ilikuwa inamkaba. Tukamkalisha mezani, tukagawa. Akapandisha dau, maskini, na karata za ovyo. Elirehema alikuwa na ree mbili mkononi. Yeye, Elirehema, aliyekuwa akimpandishia hata mama yake mzazi, akafuata tu. Akafuata mpaka mwisho akashindwa na jozi mbili za kuokoteza. Nilimpigia kelele nikidhani amelewa. Akanijibu, "Mtu aliyefiwa ameshapandishiwa na Mungu. Sisi tutamfuata tu mpaka arobaini ipite."

Ikawa kanuni ya meza yetu. Mfiwa hapandishiwi. Mama yangu alipofariki, wote wawili walinifuata tu kwa siku arobaini, nikashinda visoda vyote vya nyumba ile nikachukia. Hatukuiandika popote na hatukumweleza mtu. Tulipokuwa tunajaza fomu hata haikutujia akilini, kwa sababu fomu iliuliza juu ya karata, haikuuliza juu ya misiba.

"Hakunipandishia," nikasema. "Wewe amekupandishia, mimi hakunipandishia."

"Labda amekuona umekonda, akakuhurumia."

"Elirehema? Amenipandishia nikiwa na homa ya malaria. Amenipandishia siku niliyotoka kujifungua."

"Basi labda anadhani umefiwa na mtu mwingine."

"Angenipa pole, Urio. Mume gani anamwona mkewe amefiwa asimpe pole?" Nilisikia sauti yangu inapanda nikaishusha. "Hakunipa pole kwa sababu hawezi kunipa. Mtu anatoa pole kwa kifo chake mwenyewe?"

Urio akaketi sasa, kwa kishindo. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi nimemwamkia. Mungu wangu, nimemwambia habari za kuamka."

Nilikuwa na yangu. Kwa mizunguko miwili nilikuwa nimekaa na mtu aliyejua kwamba amekufa, naye alikuwa anahesabu visoda na kuniuliza habari za gauni ili mimi nisijue kwamba anajua.

"Bi. Kihwelo haijui kanuni," Urio akasema taratibu. "Akikuuliza kama ni yeye, sema ni yeye. Si uongo. Ni yeye kabisa kuliko hata angepandisha. Tumpeleke nyumbani. Akilala anasahau, si wamesema? Kesho anaamka hajui lolote."

"Na kesho kutwa?"

"Vilevile."

"Urio, imemchukua dakika ngapi leo?"

Urio akatazama mlango tuliotokea.

"Salamu moja," nikasema. "Salamu moja na gauni. Kesho itakuwa Nakijwa anamwita 'baba' kwa sauti nyembamba. Kesho kutwa jirani atachungulia dirishani na kujishika kifua. Yeye si mjinga. Kila siku atajua, na kila siku itakuwa mara ya kwanza. Miaka saba, zaidi ya siku elfu mbili na mia tano. Kila asubuhi nitakuwa namfisha mume wangu mezani na kumtengea chai."

"Lakini utakuwa naye," Urio akasema.

Alinigusa pale pale panapouma. Ningekuwa naye. Ningemsikia akikohoa kabla ya uchokozi. Ningegombana naye juu ya ree mbili. Nilikuwa mjane wa mwezi mmoja, kitanda upande mmoja baridi, na mtu ananiambia ningekuwa naye. Niseme ukweli ulivyo: niliamua kumchukua. Nilijiambia kwamba tutajifunza, Urio atarudisha matusi yake, Nakijwa tutamfundisha, dirisha tutaliwekea pazia. Nilijiambia mengi kwenye ujia ule.

Bi. Kihwelo akachungulia. "Mama, mzunguko wa pili umenishangaza. Fomu inasema hupandisha siku zote. Je, yule ni yeye?"

"Ni yeye," nikasema.

"Una hakika?"

"Kuliko ninavyojijua mimi."

Akaandika. "Basi bado mmoja, halafu utaweka kidole."

*

Mzunguko wa tatu Urio alitupa karata bila kuzitazama. Elirehema akasukuma visoda kumi. Nikainua zangu: kingi wa kopa na kingi wa shupaza. Nikahesabu kumi, nikafuata, kama nilivyofuata siku zote.

Bi. Kihwelo akanyoosha mkono afunue tatu za mezani.

"Subiri kidogo, binti," Elirehema akasema. Vidole vya bati vikalala juu ya meza. "Mama Nakijwa, kufuata huko ni kwa kunitegea, au ni kwa kunipa pole?"

"Nakutegea," nikasema haraka.

"Umenitegea maisha yetu yote, na sijawahi kuiona shingo yako ikikaa hivyo." Akakohoa kidogo, lakini uchokozi haukuja. "Ni siku ya ngapi?"

Bi. Kihwelo alikuwa na tabasamu lake tayari. "Ni siku ya pili tangu upasuaji, baba. Unaendelea vizuri sana."

"Nimemuuliza mke wangu."

Nilimtazama Bi. Kihwelo. Alikuwa ananikodolea macho, hajui kitu, akingoja niseme "ya pili" ili aandike na sote tukale chakula cha mchana. Nilikuwa nimelishika neno lenyewe ulimini. Na Elirehema angelikubali. Hilo ndilo lililonimaliza. Angelikubali kwa ajili yangu, angejifanya ameamini mpaka jioni, angetutania njia nzima hadi nyumbani akiwa amebeba kifo chake peke yake, na kesho angeanza upya kukitafuta nami nikimficha.

"Ya thelathini na moja," nikasema.

Kalamu ilimponyoka Bi. Kihwelo ikabingirika mpaka chini ya meza. Hakuiokota. Urio alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mwanamume mzima.

Sinia halikulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kisa cha Iringa, lakini kilichotoka pale ni pumzi ndefu, pumzi ya mtu anayetua mzigo, ingawa hapakuwa na mapafu.

"Basi bado tisa," Elirehema akasema. "Nilidhani ni zaidi, umekonda mno." Jicho likamgeukia Urio. "Nawe! Urio kuniamkia mimi! Nikasema, ama dunia imekwisha, ama nimekwisha mimi."

"Mpare we!" Urio akalipuka, kamasi na machozi vyote pamoja, amesimama, kiti kimeanguka. "Mpare mchoyo we! Umeona jeneza ni ghali, ukaamua kurudi kwenye sinia! Hata kaburi umelikalia nusu nusu ili ulipangishe!"

"Hapo sasa," Elirehema akasema, akicheka kicheko chake cha puani. "Hiyo ndiyo salamu. Mchaga, umeiba nini leo?"

Nilikuwa nacheka na kulia, na Bi. Kihwelo alikuwa amejishika kichwa. Alikuwa msichana tu, ndipo nilipoliona, hajafika hata thelathini. "Mama," akasema, "umenifunga mikono. Imerekodiwa. Siwezi kuifuta."

"Najua, mwanangu."

"Naweza kuwaachia mpaka mzunguko huu uishe. Zaidi ya hapo siwezi."

"Unatosha," Elirehema akasema. "Nikuulize kitu, binti. Ningekwenda nyumbani, kesho ningeikumbuka leo?"

"Hapana, baba. Ungeamka asubuhi ya baada ya upasuaji."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Jicho likanigeukia, na nilitamani sakafu inimeze. "Mama Nakijwa. Wewe ulikwishajua pale nilipofuata na ree mbili. Ulitoka nje, ukarudi. Ulikuwa unanipeleka huko?"

"Nilikuwa nakupeleka," nikasema. Sikuwa na uongo mwingine.

"Ningekupeleka vilevile," akasema. "Ningekupeleka hata bila kwenda kuomba maji."

Niliweka mkono juu ya vile vidole vya bati. Vilikuwa na baridi, lakini vilijikunja kidogo chini ya kiganja changu.

"Haya," akasema. "Rudisha visoda vyako kumi, ucheze upya. Usinifuate. Mfiwa ni wewe. Mimi ndiye niliyekufa, na kanuni haikusema lolote juu ya maiti. Umeshika kitu kikubwa, nakiona mpaka kwenye mabega. Mara moja tu katika maisha yako, mwanamke, sema mapema. Nipandishie."

Nikavikusanya visoda vyangu vyote kwa mikono miwili, sikuvihesabu, nikavisukuma katikati mpaka vingine vikaanguka upande wake.

"Vyote," nikasema.

"Ahaa!" akasema, na furaha iliyokuwa kwenye sauti ile ilinipasua. "Ahaa! Unaona? Unaona inavyotisha? Sasa mimi hapa nifanye nini, nina saba na mbili?" Vidole vikazisukuma karata zake mbele, kifudifudi. "Natupa."

Hakuna aliyesogea. Bi. Kihwelo aliifungua kompyuta yake polepole, kama anayetaka iharibike. Kioo kikawaka, na mahali pa kidole pakajitokeza, duara dogo la kijani. Sheria inataka shahidi ndiye azime, si ofisi.

"Mama Nakijwa," Elirehema akaniita.

"Bee."

"Hakuna. Nakuita tu."

Nikaweka kidole gumba. Jicho la kioo lilizima bila mlio, na vidole vikabaki vilivyokuwa, vimekunjika nusu. Bi. Kihwelo akaniuliza aandike sababu gani, kwamba si yeye au kwamba amejua, visanduku vya fomu ni viwili tu. Nikamwambia achague mwenyewe. Alilia akichagua.

Tuliteremka ngazi mimi na Urio tumeshikana mikono, hatua kwa hatua, maana hakuna aliyemwamini mwenzake kwamba hataanguka. Ghorofa ya kwanza akasimama. Alitoa ule utepe mweusi mfukoni akajaribu kuubandika kifuani, vidole vikamkatalia, nikambandikia mimi.

"Shemeji," akasema, "watu wameshaalikwa arobaini. Nakijwa amekata tiketi, mchungaji ameshaambiwa, imebaki wiki moja na siku mbili. Tunahesabu kuanzia lini?"

"Waambie wasije," nikasema. "Leo ni ya kwanza."